Mayai sita bila Pied hata mmoja: je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester, Uingereza. Miaka mitatu iliyopita nilinunua chatu wa kifalme wawili wakiwa bado wadogo: dume wa rangi iitwayo Banana aliyeandikwa "heti Pied 100%" na jike wa rangi ya kawaida aliyeandikwa "heti Pied 66%". Muuzaji aliniambia robo ya watoto watakuwa Pied, wale wenye mabaka meupe. Mwaka huu jike ametaga mayai sita na yote yametotoa salama. Pied hakuna hata mmoja! Banana wako watatu na wote ni madume. Watatu wa rangi ya kawaida wote ni majike. Jamaa mmoja anasema mashine ya kutotolesha ilizidi joto ndiyo maana jinsia zimejipanga hivyo. Mwingine anasema nimeibiwa. Wa tatu anataka tubadilishane: nimpe dume langu, anipe dume wake Spider Pastel. Halafu mdogo wangu wa Dar anataka nimletee wawili. Picha za watoto nimekutumia. Nishauri.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwanza kwa mayai sita yaliyototoa yote; wapo wanaopoteza nusu ya mtago wao wa kwanza kwa ukungu au kwa kukosa unyevu.

Nikupe jibu fupi kabla ya refu. Bado huna ushahidi wa kuibiwa. Joto la mashine halihusiki kabisa na madume yako watatu. Dume wa Spider usimchukue. Na mdogo wako mwambie asahau. Sasa tukae chini, maana katika haya manne lipo moja linalohitaji chai ya pili, nalo ni ile asilimia 66.

Wafugaji wa nyoka wanasema "heti" kwa mnyama aliyebeba nakala moja tu ya jeni fulani. Kila chatu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Pied ni jeni fiche: nakala moja haionekani mwilini, mpaka zikutane mbili ndipo mabaka meupe yanatokea. Huna haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Kwetu Afrika Mashariki kila familia iliyowahi kuguswa na selimundu inalijua. Baba ana AS, yaani nakala moja ya jeni ya selimundu, mama ana AS, wote wazima, wanafanya kazi zao. Kila mimba wanayopata ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS, yule mgonjwa, mbili kati ya nne ya mtoto AS kama wao, na moja ya mtoto AA. Badilisha herufi tu, hesabu ya Pied ni hiyohiyo.

Sasa angalia neno "kila mimba". Daktari hawaambii wazazi kwamba wakizaa wanne, mmoja atakuwa mgonjwa. Wapo waliozaa sita wote wazima, na wapo waliozaa wawili wote wagonjwa. Kila mimba inapiga kura yake upya, haikumbuki ya jana. Yai la chatu nalo ni hivyo. Muuzaji aliyekuambia "robo ya watoto watakuwa Pied" alikurahisishia mno. Alitakiwa kusema: kila yai lina nafasi moja kati ya nne, iwapo wazazi wote wawili ni heti kweli. Na kwa jike wako, hilo "iwapo" halijathibitishwa.

Asilimia 66 inatoka wapi? Chukua wazazi wawili heti Pied. Kwa wastani, katika watoto wanne mmoja ni Pied, wawili ni heti, na mmoja hana kitu. Pied unamjua kwa macho, unamweka pembeni. Wanabaki watatu wanaofanana kama shilingi kwa shilingi, na wawili kati yao wamebeba jeni. Mbili kwa tatu: asilimia 66. Ndugu mzima wa mtoto mwenye SS yuko katika hali hiyohiyo. Kabla hajapimwa, nafasi yake ya kuwa AS ni mbili kati ya tatu. Ukiona "heti 50%", maana yake mzazi mmoja alikuwa heti na mwingine hakuwa na kitu. Ukiona "heti 100%", mzazi mmoja alikuwa Pied wa kuonekana, naye hana nakala nyingine ya kumpa mtoto ila hiyo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotea njia, wakiwemo waliosoma kuliko mimi. Wanadhani nyoka wa asilimia 66 ana "theluthi mbili za jeni", kama maziwa yaliyotiwa maji. Hakuna kitu hicho. Jike wako ama anayo nakala ya Pied, ama hana. Ile namba ni kipimo cha kutojua kwetu. Damu yake imeshaamua tangu siku mama yake alipopandishwa. Na kwa kuwa ni kipimo cha kutojua, inabadilika kila tunapopata habari mpya. Mayai yako sita ni habari mpya.

Tufanye hesabu kama ya dukani. Chukulia kuna majike 300 walioandikwa kama wako, na wote wamepandishwa na dume heti wa kweli, kila mmoja akatotoa mayai sita. Kwa lebo ile, 200 kati yao ni heti na 100 si heti. Wale 100 hawatatoa Pied hata mmoja, hilo halina mjadala. Katika wale 200, kila yai lina nafasi tatu kati ya nne ya kutokuwa Pied. Zidisha robo tatu kwa robo tatu mara sita, unapata karibu asilimia 18. Kwa hiyo karibu majike 36 wa heti nao watatoka bure, kwa bahati mbaya tu. Jumla ya waliotoka bure ni 136, na wewe jike wako ni mmoja wao. Heti ni 36 kati ya 136, yaani kama asilimia 26.

Basi nyoka uliyemnunua kwa asilimia 66, leo ni wa asilimia 26. Si kwamba muuzaji alikudanganya. Hata kama kila neno lake lilikuwa kweli, mtu mmoja kati ya watatu aliyenunua lebo ile alinunua nyoka asiyebeba kitu, na bei ya lebo ile kwa kawaida huwa inalijua hilo. Ndiyo maana 66% huuzwa rahisi kuliko 100%. Ukimpandisha tena mwakani na dume huyohuyo, akatotoa sita wengine bila Pied, itashuka hadi kama asilimia 6. Hapo ningekuambia acha.

Lakini kuna njia ya haraka kuliko kusubiri misimu miwili. Azima dume Pied wa kuonekana, au panga kugawana mapato na mfugaji aliye naye. Dume huyo hutoa nakala ya Pied kwa kila mtoto bila kukosa. Kama jike wako ni heti, kila yai sasa lina nafasi nusu kwa nusu. Mayai sita bila Pied hata mmoja, kwa jike heti, ni bahati ya mara moja kati ya 64. Ukitoka bure hapo unaweza kulala usingizi ukijua hana.

Njia ya tatu haihitaji dume kabisa. Maabara kadhaa, hasa Marekani, siku hizi zinapima jeni za chatu kutoka kwenye gamba alilojivua, na Pied ni mojawapo ya jeni zinazopimika. Unasubiri jike ajivue gamba (na hili la kwetu halina mkutano mkuu wa chama), unalikausha, unakata kipande, unakituma kwa posta. Kipimo hiki kimewezekana kwa sababu wanasayansi wameanza kuzipata jeni zenyewe. Mwaka 2022 watafiti waliokusanya magamba kutoka kwa wafugaji walichapisha kwamba Albino wa chatu hawa anatokana na hitilafu kwenye jeni ya TYR, yule wa Lavender Albino kwenye OCA2, na Ultramel kwenye TYRP1. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ukaihusisha Pied na jeni iitwayo tfec. Jeni ya OCA2 unaweza kuwa umeisikia hospitalini: ndiyo inayohusika na aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki, na ndiyo hiyohiyo iliyoharibika kwa nyoka wa mahindi wa Marekani wasio na weusi. Nyoka na binadamu tumerithi mtambo mmoja wa kutengeneza rangi nyeusi, na hukatika palepale.

Ndiyo maana pia Albino wa chatu si mweupe pee. Ngozi ya nyoka ina seli za rangi za aina kadhaa: zinazobeba weusi na kahawia, zinazobeba manjano na wekundu, na zinazorudisha mwanga kama kioo. Albino hupoteza weusi tu. Manjano inabaki, tena inang'aa kuliko awali. Pied ni jambo jingine. Pale penye baka jeupe seli za rangi zenyewe hazipo, kama ukuta ambao fundi rangi hakuufikia. Mpaka wa baka huwa mkali, na ukubwa wake hauna mwenyewe: ndugu wa mtago mmoja, mmoja mweupe karibu wote, mwingine ana baka moja dogo karibu na mkia. Hakuna anayeweza kukuuzia "jeni ya weupe mwingi"; kuchagua wazazi weupe sana husaidia kidogo, basi.

Utaambiwa pia kwamba heti Pied hutambulika kwa alama za tumboni karibu na mkia. Baadhi yao wanazo. Lakini wapo chatu wa kawaida kabisa wenye alama zilezile. Mimi mwenyewe niliwahi kununua jike "heti Clown 100%" (Clown ni jeni fiche nyingine) kwa sababu muuzaji alinionyesha kichwa chake akasema "ona, anaonyesha". Misimu mitatu, dume Clown wa kuonekana, mayai kumi na tisa, Clown sifuri. Kichwa kile kilionyesha kichwa tu.

Kabla sijaondoka hapa: dume wako umemwamini bila kumkagua. Hesabu yote niliyofanya imesimama juu ya ile "100%" yake. Asilimia mia ni dai la ukoo: kwamba baba au mama yake alikuwa Pied wa kuonekana. Muombe muuzaji picha ya mzazi huyo na rekodi ya mtago. Mfugaji makini huwa nazo, na hakasiriki kuulizwa. Akianza kuzungukazunguka, tuma magamba mawili maabara, la jike na la dume pia.

Na wale watoto sita, usije ukawauza kwa "heti Pied 66%". Lebo hiyo ni ya watoto wa heti wawili waliothibitika, nawe wa kwako hawajathibitika. Kama dume ni heti wa kweli, kila mtoto ana angalau nafasi ya nusu ya kubeba jeni, kwa hiyo andika 50% na ueleze kwa nini. Kama ukoo wa dume nao una utata, andika "huenda" bila namba.

Sasa madume watatu wa Banana. Hapa umenifurahisha, maana umepata kwenye kontena lako jambo lililowasumbua wafugaji kwa miaka.

Joto kwanza, tulitoe njiani. Mamba na kobe wengi jinsia yao huamuliwa na joto la yai. Ukibadilisha joto la kiota unabadilisha idadi ya majike na madume. Jamaa yako amesikia habari ya kweli akaibandika kwa mnyama asiyehusika. Nyoka jinsia yake imeandikwa kwenye kromosomu, kama sisi. Joto likizidi utapata watoto wenye uti uliopinda, au mayai yaliyokufa. Hutapata madume zaidi. Nyuzi 31 hadi 32 za sentigredi, siku kama 55 hadi 60, hiyo ndiyo kazi ya mashine.

Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba nyoka wote wako kama kuku: jike ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, dume ana mbili zinazofanana. Kisha ikaja Banana, na wafugaji wakaanza kuona vituko. Dume mmoja wa Banana anazaa Banana ambao karibu wote ni madume. Mwingine, rangi ileile, anazaa Banana ambao karibu wote ni majike. Wakawapa majina, "mtengeneza madume" na "mtengeneza majike", wakawa wanawauza kwa bei tofauti kabla sayansi haijasema lolote. Mwaka 2017 mtafiti Tony Gamble na wenzake wakachapisha kwamba chatu na boa wana mfumo wa X na Y, dume ndiye mwenye zisizofanana, kama binadamu. Kitendawili kikateguka: jeni ya Banana inakaa juu ya kromosomu hizo za jinsia.

Fuata mantiki hii. Dume ana X moja na Y moja. X ya dume huenda kwa binti zake. Y huenda kwa wanawe wa kiume. Kama Banana yake imekaa kwenye Y, watakaoirithi ni madume. Kama imekaa kwenye X, watakaoirithi ni majike. Imekaa wapi? Inategemea aliipata kwa nani. Y aliipata kwa baba. Kwa hiyo dume wako, mwenye watoto watatu Banana madume na watatu wa kawaida majike, baba yake alikuwa Banana. Naweza kukuambia hilo bila kumjua muuzaji wako wala kuona picha. Ukipata zile picha za wazazi, linganisha. Kama muuzaji atakuonyesha mama Banana na baba wa kawaida, basi hapo kweli tuanze kuulizana maswali.

Mpangilio kama wako ungetokea kwa bahati tupu mara moja kati ya 64, kwa hiyo nina imani nzuri ingawa mtago ni mmoja. Usitegemee iwe hivyo milele, hata hivyo. Mara chache X na Y hubadilishana vipande wakati mbegu zinatengenezwa, na Banana inahamia upande wa pili. Ndiyo utamwona jike Banana mmoja amechomoza katikati ya madume. Huyo mtunze. Jike Banana huwagawia watoto wa jinsia zote sawasawa, na wanawe wa kiume wa Banana watakuwa watengeneza majike, ambao wafugaji huwatafuta zaidi kwa sababu dume mmoja anatosha majike wengi lakini mayai hayatagwi na dume. Hawa madume wako watatu, waandike wazi: "Banana, mtengeneza madume". Ni habari ambayo mnunuzi atakushukuru nayo.

Na ndoto yako ya Banana mwenye mabaka meupe? Kama wazazi wote ni heti Pied, ni nusu ya Banana mara robo ya Pied, yaani moja kati ya nane kwa kila yai. Katika mayai sita una nafasi ya kama asilimia 55 ya kumpata angalau mmoja. Lakini kumbuka jike wako sasa amesimama kwenye 26. Usimwahidi mtu kitu.

Twende kwa huyu wa Spider Pastel. Jina lake lina jeni mbili na tabia zao ni tofauti, kwa hiyo nizitenganishe.

Pastel haina ubaya. Wafugaji huiita kodominanti, na wanakosea jina, lakini nimechoka kugombana nao; kwa kweli ni jeni inayotawala nusu. Nakala moja inabadilisha rangi, nakala mbili zinabadilisha zaidi. Umewahi kufuga kuku kishingo? Yupo kishingo mwenye kifundo cha manyoya mbele ya shingo, na yupo ambaye shingo ni tupu kabisa kama amechunwa. Wa kwanza ana nakala moja, wa pili ana mbili. Bibi yangu hakuwahi kusikia neno jeni, ila alijua kwamba ukipandisha kishingo kwa kishingo utapata baadhi walio uchi zaidi ya wazazi. Pastel kwa Pastel ni hivyo: kwa wastani, robo ni Super Pastel (wenye nakala mbili), nusu ni Pastel, robo ni wa kawaida. Hapa hakuna heti wa kufichwa, unachokiona ndicho unachokipata.

Kuna familia moja ya jeni za namna hii inayoshangaza zaidi. Mojave, Lesser, Butter, Russo: majina manne, bei nne, lakini zote zinakaa mahali pamoja kwenye kromosomu, kama watu wanne wanaogombea kiti kimoja cha daladala. Chatu ana viti viwili tu. Ukipandisha Mojave kwa Lesser, mtoto aliyepata moja kwa kila mzazi hutoka mweupe mwili mzima na macho ya buluu, ingawa wazazi wote ni kahawia na manjano. Anayenunua "jeni tano" anapaswa kuuliza kama zote zinaweza kukaa ndani ya nyoka mmoja.

Spider ndiyo tatizo. Inatawala, nakala moja inatosha, na michoro yake ya kama utando wa buibui ni mizuri kwelikweli, nisikudanganye. Ila kila nyoka aliyebeba Spider ana shida ya usawa wa mwili. Wengine kichwa kinatikisika kidogo wakati wa kula, wengine wanajipindua chali, wanakosa shabaha, wanazunguka kama kizibo cha chupa. Kwa miaka wafugaji walibishana: ni malezi mabaya, ni joto, ni uzao wa ndugu kwa ndugu. Wakawachanganya na nyoka wasiohusiana kizazi baada ya kizazi ili "kuisafisha" tabia ile. Haikusafishika, kwa kuwa michoro na mtikisiko ni kitu kimoja. Mwaka 2022 watafiti waliopiga picha za vichwa vyao kwa mashine za mionzi walionyesha kwamba sikio la ndani, lile linalomwambia mnyama juu ni wapi na chini ni wapi, limeumbika vibaya. Na wafugaji hawajapata Spider mwenye nakala mbili aliye hai. Inaaminika hufia ndani ya yai.

Nawajua watu wema wanaofuga Spider, watakuambia nyoka wao wanakula vizuri na wanaishi miaka mingi. Ni kweli, wanaishi. Nyoka halalamiki, hilo ndilo linalotufanya tujisamehe haraka. Msimamo wangu ni kwamba aliyepo atunzwe, asipandishwe. Dume huyo angempa nusu ya watoto wako kichwa kisichotulia. Pia zipo nyingine za kuziangalia: Champagne na Woma zina mtikisiko wa aina hiyo, Caramel Albino wana uti uliopinda mara nyingi kupita kawaida, majike wa Desert hupata shida kubwa ya kutaga. Mtu akikupa dume kwa ubadilishaji, uliza jina la kila jeni kabla ya kuuliza rangi.

Mdogo wako wa Dar. Chatu wa kifalme asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Senegali mpaka Uganda, na yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani havuki mpaka bila kibali cha nchi anayotoka. Tanzania nayo ina sheria yake ya wanyamapori na vibali vyake. Nyoka wawili kwenye soksi ndani ya begi la Emirates wataishia kwa maofisa, na wewe pamoja nao. Tena jambo linanichekesha kidogo: mababu wa hao wako walitoka Ghana, Togo au Benin, wakapelekwa Ulaya na Marekani, wakapewa majina ya matunda, sasa tunataka kuwarudisha Afrika kwa bei mara kumi. Kule Ouidah, Benin, chatu hawa wana hekalu lao, na akionekana barabarani usiku hubebwa kwa heshima akarudishwa. Hawajali ni Banana au si Banana.

Kwa mpango wa mwaka huu, fanya hivi. Usimpandishe jike msimu huu unaokuja mpaka amerudisha uzito wake. Mpime kila mwezi, na kama yuko chini ya gramu 1,500 muache apumzike. Wakati anapumzika atajivua gamba, nawe tuma kipande maabara pamoja na cha dume. Majibu yakisema jike ni heti na dume ni heti, endelea nao hawahawa. Yakisema jike hana, bado ni jike mzuri anayetaga mayai sita yanayototoa yote. Tafuta dume Pied wa kuonekana, na watoto wao wote watakuwa heti 100%, lebo ambayo utaweza kuiandika bila "huenda". Halafu yule Banana mdogo mwenye mistari iliyokatika mgongoni uliyemwonyesha kwenye picha ya pili, usimuuze kwanza. Mlishe, nitumie picha yake akishajivua gamba mara tatu.